Je, wajua kwa nini rada ya meli huonyesha chombo kisichokuwapo?

Rada ya meli hupima mambo mawili tu: muda na mwelekeo. Antena inayozunguka mlingotini hurusha mpigo mfupi wa mawimbi ya redio, kisha hunyamaza na kusikiliza. Mpigo ukigonga kitu, sehemu yake ndogo hurudi kama mwangwi, na kila mikrosekunde moja ya kusubiri huhesabiwa kuwa mita 150, kwa sababu mawimbi hukimbia mita 300 katika muda huo na hayana budi kwenda na kurudi. Upande wa kitu hutokana na mahali antena ilipokuwa imeelekea. Mtambo huamini kwamba mwangwi ulisafiri kwa njia iliyonyooka na kwamba ni jibu la mpigo uliotumwa punde hivi, na karibu kila picha ya uongo huzaliwa pale mojawapo ya imani hizo inapokosea.

Tuanze na umbali. Skrini iliyowekwa kwenye kipimo cha maili 48 haimaanishi kwamba rada inaona kila kitu hadi maili 48. Mpaka huwekwa kwanza na mviringo wa dunia. Katika hali ya kawaida ya hewa mawimbi hupinda kidogo kufuata mviringo huo, na kwa hiyo upeo wa rada huzidi kidogo upeo wa macho. Hesabu yake ni nyepesi: tafuta kipeuo cha pili cha kimo cha antena kwa mita, kisha zidisha kwa 2.21, nawe utapata maili za baharini. Antena iliyo mita 16 juu ya maji hufika maili 8.8, na chombo chenye kimo cha mita 9 huongeza maili 6.6, kwa hiyo huanza kuonekana kikiwa umbali wa maili 15 na nusu hivi. Kilima cha mita 400 kinaweza kuonekana kutoka maili 50, ilhali ufuo ulio chini yake bado umefichwa na maji. Anayeudhani mwangwi huo wa kwanza kuwa ndio ufuo atajiona yuko mahali asipo.

Kununua mtambo wenye nguvu zaidi hakuondoi mpaka huo. Hata kwa kitu kilicho ndani ya upeo, kukiona kwa umbali maradufu huhitaji nguvu mara 16, na boti ya mbao huakisi mawimbi kwa unyonge hata ikiwa karibu.

Kuna siku ambapo hewa yenye joto na ukavu hulala juu ya bahari yenye ubaridi, nayo mawimbi hunaswa karibu na uso wa maji na kusafiri mbali mno. Rada inayotuma mipigo 1,000 kwa sekunde hungoja milisekunde moja, yaani maili 81 hivi, kabla ya kutuma mpigo mwingine. Mwangwi wa nchi kavu iliyo maili 90 hufika wakati mpigo unaofuata umekwisha kuondoka, nao huchorwa maili 9 tu kutoka melini. Dawa yake ni kubadili kipimo cha skrini, maana mara nyingi idadi ya mipigo nayo hubadilika: mwangwi wa kweli hubaki kwenye umbali wake, ule wa uongo huruka au hutoweka.

Uongo mwingine hutoka melini kwenyewe. Bomba la moshi huweza kugeuka kioo, likaakisi mawimbi hadi kwenye meli iliyo upande mwingine, na meli hiyo ikachorwa nyuma ya bomba, kwa umbali ule ule karibu. Meli kubwa inayopita ubavuni nayo hurudishiana mawimbi na yetu, ikazaa safu ya miangwi iliyoachana sawasawa katika mwelekeo mmoja, ambamo ule wa karibu zaidi ndio wa kweli.

Lakini unaonitisha zaidi ni ule wa nyaya za umeme zilizopita juu ya mlango wa mto. Waya huakisi kama kioo kirefu, kwa hiyo mwangwi hurudi kutoka sehemu moja tu, pale mstari wa kutoka melini unapokutana na waya kwa pembe ya digrii 90. Skrini haionyeshi waya, huonyesha nukta moja, kama boti ndogo inayokuja kutukata njia bila kubadili mwelekeo wake kwetu. Nahodha akigeuza meli kulia kuikwepa, sehemu inayoakisi huhamia kulia pamoja naye. Akirudi kushoto, nayo hurudi. Jibu lipo kwenye chati ya bahari, ambayo huchora nyaya hizo pamoja na kimo salama cha kupita chini yake.