Kulanti si ya Nchi za Theluji Pekee

Kila ninapoletewa injini ya lori ambayo oili yake imeingia maji, mwenye gari hunieleza jambo lile lile: kwamba kulanti, yaani kimiminika cha kupozea injini kinachotiwa kwenye rejeta, ni ya nchi za baridi, na kwamba huku kwetu, ambako maji hayagandi, maji ya bomba yanatosha. Nimelisikia kwa madereva wa njia ya Tunduma, kwa matajiri wenye magari mengi na, jambo linalonisikitisha zaidi, kwa mafundi wenzangu.

Anayesema kwamba maji matupu hubeba joto vizuri kuliko mchanganyiko wa nusu kulanti na nusu maji hakukosea. Hata hivyo, maji hayo huchemka mapema, hasa Makambako au Mbeya, ambako kwa sababu ya mwinuko huchemka kwenye nyuzi 95 hivi ikiwa mfuniko wa rejeta umechoka na haushiki presha. Lakini hata lori lisilochemsha kamwe linaweza kufa kwa maji matupu, na hapa ndipo ninapoomba kusikilizwa.

Injini nyingi za dizeli za malori makubwa zina slivu, yaani mabomba ya chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka, ambazo mgongo wake unaguswa na maji moja kwa moja. Mafuta yanapolipuka, pistoni huisukuma slivu upande mmoja kwa nguvu, slivu hutetemeka, na maji yaliyo nyuma yake huachana nayo kwa kitambo kidogo mno. Katika mwanya huo huzaliwa viputo vya mvuke, ambavyo hupasuka juu ya chuma na kukidokoa chembe kwa chembe. Ndiyo maana slivu hizo tukizichomoa huwa na vitobo vilivyojipanga wima upande mmoja, ilhali upande wa pili ni mzima. Kutu ya kawaida haichagui upande. Kitobo kimoja kikipenya, maji yanaingia kwenye oili. Kinachozuia hayo ni dawa zilizomo ndani ya kulanti, kama nitriti, ambazo huweka utando mwembamba juu ya chuma. Maji ya bomba hayana dawa hizo, hata yawe safi namna gani, na ya visima vya Dodoma huongeza chumvi juu yake.

Rangi isikushughulishe, kwa kuwa kila kiwanda hujichagulia yake. Soma alama ya kiwango cha ubora iliyoandikwa kwenye dumu: ASTM D6210 ina kinga ya slivu tangu mwanzo, ilhali D4985 huhitaji kuongezewa dawa kabla ya kutumika katika injini ya namna hii.

Kumwaga maji ya zamani ni kazi nyepesi: injini ipoe, hita ifunguliwe, kisha utoe maji ya rejeta na ya bloku na kusuuza hadi yatoke meupe. Kosa hufanyika baadaye. Chukua mfumo wa lita 40 ambao baada ya kusuuza umebakiza lita 10 za maji ndani ya bloku. Ukijaza lita 30 za kulanti iliyokwisha kuchanganywa nusu kwa nusu, hupati asilimia 50 bali 37.5, na dawa nazo zimepungua kwa robo nzima. Anza kwa kumimina lita 20 za kulanti isiyochanganywa, yaani nusu ya lita 40, kisha ujazie maji ya betri, yaani yale yaliyotoneshwa, wala si asidi. Jaza polepole ili hewa itoke, washa injini mpaka thermostati, yaani vali inayofunguliwa na joto, ifunguke, ongeza kilichopungua, na upime tena kwa rifraktomita, kifaa kinachoonyesha asilimia ya kulanti ndani ya maji, baada ya safari ya kwanza. Nitriti hupimwa kwa vijikaratasi vyake, kwa sababu rifraktomita haiioni.

Kuhusu kuosha injini kuukuu kwa kemikali, vitabu huagiza bila kusita, lakini mimi husita. Magamba yaliyokaa miaka mingi wakati mwingine ndiyo yanayoziba uvujaji wa rejeta, na sijapata kipimo cha kunionyesha mapema ni injini ipi itakayostahimili. Kwa hiyo humweleza mwenye gari hatari hiyo, naye huamua kabla sijafungua dumu.

Kulanti ya zamani usiimwage chini ya gari. Ethilini glaikoli, kemikali iliyomo ndani yake, ina ladha tamu, na mbuzi, mbwa au mtoto akiinywa huharibika figo. Itie kwenye dumu lenye mfuniko, uandike juu yake kuwa ni sumu.