Viazi mviringo bustanini: Lushoto vinakubali, Tanga mjini havikubali

Masika yakikaribia, watu wa Tanga mjini huniuliza kama viazi mviringo vitakubali Chumbageni au Pongwe. Jibu langu ni lile lile. Vitaota, vitatoa majani ya kupendeza, na ukija kung'oa utakuta vijiazi vya kuhesabu. Usiilaumu samadi. Kiazi hutunga vizuri udongo ukiwa na nyuzi joto 15 hadi 20. Joto likikaribia 30, na usiku nao usipopoa, chakula kinachotengenezwa na majani huishia huko huko juu. Mwezi Machi usiku wa pwani haupoi. Wewe wa mjini panda marando ya viazi vitamu. Matembele utayachuma mapema, viazi vitafuata.

Lushoto, kwenye mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari, hali ni nyingine kabisa. Huko hata kipande kidogo nyuma ya jiko kinalisha familia, ila mbegu iwe ya kweli. Hapa ndipo ninapowasihi wenzangu wasiharakishe. Kiazi kilichovunwa juzi bado kimelala, kinahitaji miezi miwili mitatu ndipo macho yaamke. Chagua vyenye ukubwa wa yai la kuku, vitandaze safu moja mahali penye mwanga lakini jua lisivipige. Vitageuka kijani, navyo si vya kula tena, ni mbegu. Machipukizi yatatoka mafupi, manene, yameshikamana na kiazi. Vikikaa gizani hutoa machipukizi marefu meupe, yanayokatika ukiyagusa tu. Usikate mbegu vipande, kwa sababu kisu hubeba ugonjwa kutoka kiazi kimoja hadi kingine.

Mvua zikishika, chimba mifereji iachane sentimita 75, weka samadi iliyooza vizuri, changanya na udongo. Panda kila sentimita 30, macho yakitazama juu, kina cha sentimita 10 hivi. Mimea ikifika sentimita 20, pandishia udongo kwenye mashina, na urudie baada ya wiki mbili tatu. Usiruke kazi hii: viazi hutunga juu ya mbegu, na kinachochungulia juani huwa kijani, kichungu na chenye sumu.

Ukungu utauona kwenye majani. Nafasi ya kutosha ipitishe hewa, na dawa itangulie ugonjwa. Ninachokihofia zaidi ni mnyauko. Mmea ukinyauka na udongo una unyevu, kata shina, litumbukize ncha kwenye glasi ya maji safi, utulie dakika chache. Ukiona nyuzi nyeupe kama maziwa zinashuka, ni bakteria. Ng'oa mmea mzima pamoja na viazi vyake, utoe nje ya bustani uchome. Hapo usipande nyanya, bilinganya wala pilipili kwa misimu kadhaa, maana zote zinaugua ugonjwa huo. Weka mahindi.