Kijivu kinavyotaja mwaka: kusoma picha za ndege za majini za Vita vya Pili

Nikiletewa picha ya ndege ya jeshi la majini ya enzi za Vita vya Pili vya Dunia, maandishi ya nyuma nayaacha kwanza. Mengi yaliandikwa baadaye, na watu ambao hawakuwepo. Naanza na ubavu wa ndege, penye alama ya taifa, kwa sababu alama zilibadilishwa kwa amri, na amri zina tarehe.

Chukua ndege za Marekani. Mapema 1942 zilibeba nyota nyeupe ndani ya duara la buluu, na katikati ya nyota kitone chekundu. Mkiani kulikuwa na milia myekundu na myeupe. Mei 1942 kitone na milia vikaondolewa, maana mpiga mizinga akiona wekundu kwa mbali aliweza kudhani ni jua jekundu, alama ya ndege za Japani. Mwishoni mwa Juni 1943 nyota ikaongezewa pau mbili nyeupe, na alama nzima ikazungushiwa ukingo mwekundu. Hofu ikarudi palepale. Agosti mwaka huohuo ikaamriwa ukingo uwe wa buluu. Kwa hiyo Hellcat, ndege ya kivita ya majini ya Marekani, yenye ukingo mwekundu inakupeleka moja kwa moja kwenye Julai na Agosti 1943, ukiongeza wiki kadhaa za kungoja mafundi wapake rangi upya.

Sasa, wekundu unaujuaje kwenye picha isiyo na rangi? Hapa ndipo utamu ulipo. Usiangalie pau, angalia mzingo wa duara. Ukingo wa buluu humezwa na buluu ya duara, ila pale rangi mpya ilipokolea juu ya ile iliyopauka kwa jua na chumvi. Ukingo mwekundu huacha mstari mwembamba unaozunguka. Halafu ujue filamu. Filamu ya pankromatiki huona rangi zote, na mara nyingi nyekundu na buluu hutoka vijivu vinavyokaribiana. Ya othokromatiki haioni nyekundu: huigeuza nyeusi, hutia giza njano, na buluu huififisha.

Jambo hili linatugusa hata huku pwani. Baada ya Wajapani kushambulia Ceylon (Sri Lanka ya leo) Aprili 1942, Kundi la Manowari la Mashariki la Uingereza lilihamia Kilindini, na manowari za kubeba ndege kama Illustrious zikatia nanga pale. Alama ya Uingereza ilikuwa na duara la nje la njano. Kwenye filamu ya othokromatiki njano ile huwa karibu nyeusi, na mtu asiyejua huapa kwamba Swordfish ile, ndege ya majini ya Uingereza, ilipakwa alama ya ajabu.

Picha ninazozirudia kuliko zote ni za Avenger moja, ndege ya Marekani ya kurusha torpedo, kisiwani Midway katika Bahari ya Pasifiki. Tarehe 4 Juni 1942 Avenger sita ziliruka kutoka kisiwani kushambulia meli za Wajapani, ikarudi moja. Rubani Albert Earnest aliirudisha huku kebo za usukani wa mkia zimekatika, na gurudumu moja halikushuka. Jay Manning, mpiga bunduki, alikuwa amekufa kwenye kiti chake. Harry Ferrier, mtu wa redio, alijeruhiwa kichwani. Tazama nyota yake: haina kitone. Amri ilikuwa na wiki tatu tu, na tayari imefika kisiwa kile cha mbali. Kisha tazama kibanda cha bunduki, na ukae hapo kidogo, kwa heshima ya Manning.

Ndiyo maana sipendi picha hizi zikitiwa rangi na kompyuta. Programu hukisia, na ikishakisia, tofauti ndogo za kijivu tulizokuwa tukizisoma hupotea chini ya buluu ya kubuni.

Ukitaka kuanza, tafuta picha za Nyaraka za Taifa za Marekani zenye namba inayoanza na 80-G, uchukue faili kubwa kabisa, hasa lililoskaniwa kutoka negativi. Kuza ubavu wa ndege kwanza. Kisha panda hadi kwenye mlingoti wa meli: ukiona sehemu imekwanguliwa au imefifia kuliko anga jirani yake, huenda ni mkono wa mkaguzi wa picha wa wakati wa vita, aliyeficha antena ya rada.