Kayaki ya plastiki si kitu cha kuchezea

Pwani ya mashariki ya Unguja nasikia sana neno hili: kayaki, yaani mtumbwi mdogo wa kasia, ya plastiki ni ya kuchezea, ya faiba ndiyo chombo. Si kweli, na wanaoliamini hupoteza fedha.

Plastiki hiyo ni polithini. Unga wake huyeyushwa ndani ya kalibu inayozungushwa tanurini, chombo kikatoka kipande kimoja bila kiungo. Ikigonga mwamba hubonyea, kisha hurudi. Faiba ni nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa rezini: nyepesi, ngumu, hukata maji vizuri, lakini ikigonga jiwe kwa nguvu hupasuka. Na pale Paje au Jambiani, maji ya bamvua yakishapwa, utaburura chombo juu ya mawe upende usipende.

Adui wa plastiki ni jua. Ihifadhi chini ya makuti. Tena ni nzito, mara nyingi hupita kilo 20, na ikitoboka gundi haishiki vyema, ilhali faiba huzibwa na fundi wa boti.

Kule Pemba, kutoka Wesha hadi kisiwa cha Misali, kwenye maji mengi, mimi ningechukua faiba. Kwa mtu anayepita mwambani kila siku, plastiki, bila kusita.