Gramu mbili si uzito wa sindano

Juzi barazani, Mji wa Kale, kijana aliyerithi santuri za taarabu za babu yake aliniambia: "Ami, sindano yangu ni ya gramu mbili, inaruka, nataka nzito zaidi." Mwezi huu ni mtu wa tatu kuniambia hivyo.

Gramu mbili ni mkandamizo, yaani nguvu ambayo ncha inalalia nayo mfereji wa santuri. Basi. Katriji, kile kidude kinachoishika sindano, peke yake yaweza kuwa na gramu sita, lakini jiwe la nyuma ya mkono unaoibeba huubeba mzigo karibu wote, zikabaki hizo mbili. Mwalimu wa fizikia atadai tuseme milinyutoni 20, na hakosei, ila karatasi za katriji huandika gramu.

Kinachotuponza ni neno lenyewe. "Uzito" ni Kibantu, na tunalipachika popote: gunia la mchele, ulimi, hata shauri. "Mizani" imetoka kwenye Kiarabu wazana, kupima, na "uzani" ni wa ukoo huohuo. Washairi wetu wa Mvita hutumia mizani kuhesabia silabi, nane ukwapi na nane utao, nusu mbili za mshororo, na hakuna anayedhani mshororo wa silabi kumi na sita ni mzito kuliko wa silabi kumi na mbili. Umepimwa ukae sawa, hivyo tu. Sindano nayo hupimwa kwa maana hiyo. (Gramafoni za kukoroga zilikandamiza kwa zaidi ya gramu 100 kwa sindano ya chuma, labda fikra ya "nzito" imerithiwa huko pamoja na santuri.)

Namba iliyochorwa kwenye jiwe nayo wengi huiita kipimo. Si kipimo, ni makadirio yanayotegemea ulivyousawazisha mkono kwa jicho. Kipimo hutoka kwenye mizani, ama ile ndogo ya bembea, ama ya betri isomayo hadi sehemu ya mia ya gramu. Mizani ya sonara husoma hivyo pia, na kuna aliyeniletea moja kwa fahari, lakini kisahani chake kiko juu mno. Mikono mingi ikiinuliwa kupita kimo cha santuri, namba hubadilika. Tena mwili wa mizani ukiwa na chuma, huvutana na sumaku ya katriji, ukasoma uongo. Tafuta fupi, isiyo na chuma.

Yule kijana tulikwenda kwake. Sahani ya santuri imesimama, nikaiteremsha ncha juu ya mizani yangu. Jiwe lasema 2, mizani yasema 1.31, na karatasi ya katriji yake haishuki chini ya 1.5. Nyepesi hivyo, sindano hupwayapwaya ikazikwaruza kuta za mfereji, ndiyo maana ilikuwa ikiruka. Nikalizungusha jiwe kidogo, tukafika 2.

"Kwa hiyo sasa sindano imekuwa nzito, ami?"

Sindano ni ileile, mwanangu. Sema inalalia gramu mbili.