Makopa, mbaazi na unga wa lishe: tunayoyakosea tunapopambana na njaa Kusini

Dhana: Njaa ya Mtwara na Lindi dawa yake ni magunia ya sembe.
Magunia yana wakati wake: mvua zikikata, au akiba ikiisha kabla ya mavuno. Lakini mtoto anaweza kushiba ugali kila siku na bado akadumaa, kwa kuwa hapati mboga, dagaa wala kunde. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka 5 nchini wamedumaa. Anayegawa sembe agawe na mbaazi.

Dhana: Makopa, yaani vipande vya muhogo mkavu, yakishakauka juani, sumu imekwisha.
Hili ndilo linalotutia hofu zaidi. Muhogo mchungu ukianikwa tu, hukauka upesi na sumu nyingi hubaki ndani. Familia ikila unga huo wiki kwa wiki bila kitoweo, inaweza kupata konzo: miguu yote miwili hupooza ghafla, na haiponi. Mkoa wa Mtwara uliyaona hayo miaka ya mwanzo ya 2000. Mwili huiondoa sumu hiyo ya muhogo, sianidi, kwa msaada wa protini, kwa hiyo wanaoumia ni wale wasio na dagaa wala mbaazi.

Kuloweka muhogo uliomenywa siku 3 au 4 kabla ya kuanika husaidia sana. Ila kule juu Newala na Tandahimba, ambako ndoo ya maji ni ya kutafutwa, nani ataloweka? Wafundisheni akina mama kulowanisha unga wenyewe:

Tia unga kwenye bakuli, usawazishe, weka alama ulipofikia. Ongeza maji baridi huku ukikoroga. Unga utashuka kwanza, kisha utapanda; ukirudi kwenye alama, acha. Utandaze juu ya ungo au mkeka, unene usizidi sentimita 1, kwa saa 2 juani au 5 kivulini. Sumu hutoka kama hewa, kwa hiyo fanya hivi nje, si jikoni. Songa ugali siku hiyohiyo, maana unga uliolowa ukilala huharibika.

Wanaokosea huwa wametandaza unga mnene, hewa ikakosa pa kutokea, au wametumia maji ya moto. Maji ya moto huua kimeng'enya kinachoivunja sumu.

Dhana: Unga wa lishe ukiwa na nafaka nyingi ndio bora.
Mahindi, ulezi, mchele, mtama na ngano vyote ni kundi moja la chakula. Kuvichanganya vitano hakumpi mtoto protini ya kutosha. Tena vikisagwa pamoja na karanga, mafuta yake huchacha, na punje moja yenye ukungu huchafua mfuko mzima. Kukaanga hakuondoi sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo. Chukua nafaka moja, pika uji, kisha ongeza karanga zilizochambuliwa, kukaangwa na kusagwa karibuni. Mtoto wa miezi 6 hadi 8 anywe uji mzito, usiodondoka kirahisi kwenye kijiko, aanze na vijiko 2 au 3 vya chakula hadi nusu kikombe, mara 2 au 3 kwa siku, huku akinyonya.

Dhana: Mbaazi ni za kuuza.
India, mnunuzi mkubwa wa mbaazi zetu, ilipobana uagizaji mwaka 2017, bei ilianguka na magunia yakabaki ndani. Hata bei ikiwa nzuri, kila nyumba itenge debe lake kabla mnunuzi hajafika na mizani.