Mkilingana pointi, tofauti ya magoli ingoje

Nimeulizwa tena, na mtu mzima anayeifuata Cranes, timu yetu ya taifa ya Uganda, tangu enzi za baba yangu: "Si tukilingana pointi tunaangalia magoli?" Hapana. Kwenye mechi za kufuzu AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, hatuanzi na magoli ya kundi. Nimelisema redioni, nimelisema kwenye vibanda vya mpira hapa Busia, nimelifundisha kwa makatibu wa klabu, na bado kila duru ya mwisho ikifika watu wanatoa simu na kuanza kujumlisha. Najua tulikolitoa. Kila Jumamosi tunaangalia Ligi Kuu ya Uingereza, na kule tofauti ya magoli ndiyo mwamuzi wa kwanza, basi tumeshika kwamba hiyo ni sheria ya mpira dunia nzima. Ni kanuni ya ligi ile tu. Kila mashindano yana kanuni zake.

Za AFCON ziko hivi. Timu mbili zikilingana pointi, CAF, shirikisho la mpira Afrika, inachukua mechi mbili walizokutana wao kwa wao. Kwanza pointi za mechi hizo. Zikilingana, tofauti ya magoli ya mechi hizo hizo, kisha magoli yaliyofungwa humo, kisha magoli ya ugenini humo. Vigezo vyote vinne vikigoma ndipo unarudi kwenye tofauti ya magoli ya kundi zima, na mwisho kabisa kuna kura ya bahati nasibu.

Chukua tarehe 24 Machi 2019, duru ya mwisho ya kufuzu AFCON ya Misri. Sisi tulikuwa tumeshafuzu, pointi 13 kibindoni, na kundi lilikuwa linatoa timu mbili. Nyuma yetu Tanzania na Lesotho walikuwa na pointi 5 kila mmoja, Cape Verde 4. Tanzania ilitukaribisha Dar es Salaam, Lesotho ilikuwa ugenini Cape Verde. Kwa magoli ya kundi, Tanzania ilikuwa hasi 2 na Lesotho hasi 4, kwa hiyo watu wakapiga hesabu yao: wote wakishinda, Tanzania inapita. Si kweli hata kidogo! Lesotho walitoka sare ya 1-1 Dar mwaka 2017, kisha wakaifunga Tanzania 1-0 Maseru Novemba 2018. Wao kwa wao ni pointi 4 kwa 1. Wote wangeshinda, wote wangefika 8, na Lesotho ndiye angepanda ndege kwenda Misri, hata kama Tanzania ingetufunga magoli kumi.

Tanzania ilishinda 3-0. Msuva, Nyoni kwa penalti, Aggrey Morris. Mpaka leo nakutana na watu wanaosema zile tatu ndizo zilizowavusha, na wengine wanaosema Cranes iliachia magoli mengi ili jirani apite. Hebu fikirini. Goli la pili na la tatu hayakuwa na thamani yoyote kwenye msimamo. Goli la Msuva peke yake lilitosha, mradi Lesotho asishinde, na Lesotho akatoka 0-0. Sare ile ndiyo iliyoirudisha Tanzania AFCON kwa mara ya kwanza tangu 1980. Ukitaka kumtuhumu mtu, tuhuma za idadi ya magoli ziache, hazisimami.

Sasa msiende upande wa pili mkasema magoli ya kundi hayana kazi kabisa. Kufuzu AFCON ya 2023 tulikuwa tena kundi moja na Tanzania. Walitufunga 1-0 Ismailia, siku nne baadaye Rogers Mato akafunga dakika ya 90 Dar, tukashinda 1-0. Angalia vigezo: pointi 3 kwa 3, tofauti sifuri, goli moja kwa moja, na ugenini goli moja kwa moja. Vyote vinne vimegoma. Duru ya mwisho, Septemba 2023, tuliifunga Niger 2-0 Marrakech tukafika pointi 7 na hasi 1. Tanzania ilikuwa na pointi 7 kabla ya kucheza na Algeria ugenini, nayo hasi 1. Algeria ingepata goli moja tu, Tanzania ingebaki na 7, ikashuka hadi hasi 2, na sisi tungekwenda Ivory Coast. Ikaisha 0-0. Pointi 8 kwa 7.

Na kuna jambo linaloniuma kwenye hesabu hiyo. Ismailia iko Misri. Tulichezea huko "nyumbani" kwa sababu Namboole, uwanja wetu wa taifa, haikuwa tayari, na goli lile la Tanzania, la Msuva tena, likahesabika la ugenini dhidi yetu, mbele ya viti ambavyo havikuwa vyetu wala vyao. Kigezo cha goli la ugenini kinadhani kila timu ina uwanja wake wa nyumbani. Nchi nyingi za Afrika zinacheza kufuzu nje ya mipaka yao, na sijui kwa nini kigezo hicho bado kinapewa uzito mbele ya magoli ya kundi zima.

Timu tatu zikilingana, usilinganishe wawili wawili. A kamfunga B, B kamfunga C, C kamfunga A, utazunguka hadi alfajiri. Tengeneza kijedwali cha hao watatu tu, wa nne mfute. Mmoja akijitenga, wawili waliobaki wanaanza upya kwa mechi zao mbili.

Mengine haraka. Hakuna nafasi ya CECAFA, kanda yetu ya Afrika Mashariki na Kati, kwenye AFCON wala Kombe la Dunia. Kanda zimekuwa na nafasi zake CHAN, mashindano ya wachezaji wa ligi za ndani, na mashindano ya vijana. Na mwenyeji anaweza kucheza kufuzu huku ameshafuzu: Morocco ilifanya hivyo kwa AFCON ya 2025, ndiyo maana kundi lake lilitoa timu nyingine moja tu, Gabon.

Kufuzu Kombe la Dunia ni kanuni za FIFA, na huko ndiko tofauti ya magoli ya kundi inatangulia. Kwa 2026 Afrika ilikuwa na makundi tisa, vinara wakafuzu moja kwa moja, na washindi wa pili wanne bora wakaenda mchujo. Eritrea ilijitoa, kundi lake likabaki na timu tano, kwa hiyo kwenye kuwapanga washindi wa pili matokeo dhidi ya timu ya sita ya kila kundi yalifutwa. Hapo ndipo kikokotoo cha kibandani kinapokufa.

Burkina Faso ilimaliza na pointi 21, Nigeria 17. Aliyekwenda mchujo ni Nigeria. Burkina Faso iliifunga Djibouti mara mbili, ikapoteza pointi 6 na magoli 10. Nigeria ilitoka sare mara mbili na Zimbabwe, ikapoteza pointi 2 tu. Wote 15; Nigeria chanya 7, Burkina Faso chanya 6. Goli la Onyeka wa Nigeria dhidi ya Benin, dakika za nyongeza, 4-0, ndilo lililoamua. Ingebaki 3-0, wangelingana tofauti, na Burkina Faso ingepita kwa magoli mengi ya kufunga.

Nasi? Tulimaliza wa pili nyuma ya Algeria, pointi 18 sawa na Msumbiji, tukiwa na tofauti bora ya magoli. Siku ya mwisho Mukwala alipotutanguliza ugenini Algeria, watu walinipigia wakisema tunakwenda na 21. Somalia ilikuwa ya mwisho na tulikuwa tumeifunga mara mbili, kwa hiyo 21 ingekuwa 15. Hata 1-0 ile ingedumu tungekuwa na chanya 4, chini ya Nigeria na chini ya Burkina Faso.

Kufuta mechi za timu ya mwisho kulinganisha makundi naelewa, lakini haki yake sijaiona: anayeshindwa kumfunga mnyonge anasamehewa, anayemfunga ananyang'anywa. Ningependa washindi wa pili wote tisa wacheze mchujo, ingawa tarehe za mechi hizo zitatoka kalenda ipi bado sijapata jibu.